Dada, usiimbe "Listen to Your Heart" kwa ufunguo wa kwenye rekodi

Usithubutu! Umeandika kwamba Jumamosi unaimba nyimbo za Roxette, lile kundi la Uswidi, hotelini, unafungua na "Listen to Your Heart" "kama ilivyo kwenye rekodi", halafu unauliza nyimbo nyingine, nguo, na kama ukate nywele kama Marie Fredriksson, mwimbaji wao wa kike. Nywele ziache kwanza. Shughulikia ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima umewekwa.

Wimbo ule, uliofika namba moja Marekani Novemba 1989, unalaghai. Beti ziko chini, unaziimba huku unatabasamu. Kiitikio kinapanda, bado unakimudu. Inakuja solo ya gitaa, kisha wimbo mzima unahamia juu, na hapo ndipo Marie anapoachia sauti yote. Yule kabla ya Roxette alishaimba na bendi za mji wa Halmstad, Uswidi, na kutoa albamu zake kwa Kiswidi. Tena alikuwa studio. Wewe utakuwa mbele ya watu wanaokula, feni inakupuliza usoni, monita, ile spika ya kujisikia mwenyewe, haisikiki.

Mimi niliimba hivyo hivyo Zanzibar, msimu wa wageni ndio umeanza. Kiongozi wa bendi aliniapia kwamba kushusha ufunguo ni kuharibu wimbo, eti wageni watagundua. Watagundua nini, na mdomoni wana pweza? Mtu mwenyewe mpiga besi, hajawahi hata kuitikia! Kwenye kiitikio cha mwisho sauti ikakatika katikati ya neno. Yeye ananikonyeza niendelee, nami nikailazimisha. Hapo ndipo nilipoponzeka. Asubuhi nilishindwa hata kuitikia salamu ya mama. Daktari akasema nyuzi za sauti zimevimba, akanikataza hata kunong'ona. Msimu ukanipita niko nyumbani, hoteli ikachukua mwimbaji mwingine, na aliyempeleka ni kiongozi yule yule. Mpaka leo nina kinyongo naye.

Ufunguo unapimwa kwa kiitikio cha mwisho, si kwa ubeti wa kwanza! Mazoezi yakiisha, umeshachoka, mwambie mpiga kinanda aanzie pale baada ya solo, urudie mara kadhaa mfululizo. Shingo ikikaza, shusheni nusu toni, yaani kitufe kimoja tu cha kinanda. Ikikaza tena, shusheni tena. Beti zikizama mno, acheni kuhamia juu, mmalizie kwenye ufunguo mlioanzia.

Na usifungue nao. Anza na "It Must Have Been Love", ule uliotoka Uswidi 1987 ukiwa wa Krismasi kabla ya filamu ya Pretty Woman. Unaanza taratibu, koo linapata moto. Huo nao upime kwa mwisho wake. "The Look" mpe mwanamume, beti zake aliimba Per Gessle, mwenzake Marie katika Roxette.

Marie mwenyewe aliugua uvimbe wa ubongo 2002, akarudi jukwaani, na ziara za mwisho akaimba ameketi. Wewe unaona aibu kushuka nusu toni? Mpigie mpiga kinanda leo, usingoje Jumamosi.