Uliza Anko: Kati ya wale watatu, nani hasa aliiunganisha Japani?

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi na bro tunabishana wiki ya pili sasa. Yeye anasema aliyeiunganisha Japani ni Oda Nobunaga kwasababu ndo alileta bunduki, mimi nasema ni Tokugawa Ieyasu maana ndo alikua shogun, yani mtawala mkuu wa kijeshi, na ukoo wake ukatawala miaka 250 na ushee. Nani yuko sahihi? Tumewekeana chipsi kuku. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo chipsi kuku nileteeni mimi, maana wote mmekosa.

Tuanze na bro. Bunduki hakuleta Nobunaga, zilishuka na Wareno kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, enzi hizo Nobunaga ni dogo wa miaka 9 tu, wahunzi wa Kijapani wakazikopi fasta na haikuchukua muda mabwana wa majimbo, wale wanaoitwa daimyo, wakaanza kuzinunua. Nobunaga yeye alijua kuzitumia. Kule Nagashino 1575 aliwapanga wapiga bunduki nyuma ya uzio wa miti, wapanda farasi wa ukoo wa Takeda wakaja kwa mbwembwe zao zote wakaishia hapohapo. Mkali alikua, sikatai. Ila 1582 jenerali wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide, akamzingira alfajiri kwenye hekalu la Honnoji pale Kyoto, jamaa akajiua, na mpaka anakufa hajafikisha hata nusu ya nchi mkononi. Sasa hapo kaunganisha nini?

Mtu wenu mmemruka, anaitwa Toyotomi Hideyoshi. Huyu katokea familia ya wakulima, hana jina la ukoo wala nini, kaingia kwa Nobunaga kama mtumishi tu akapanda mpaka ujenerali. Kuna barua Nobunaga alimwandikia mke wa Hideyoshi, mama wa watu alikua analalamika mumewe hatulii, bosi akamjibu kwamba yule panya kipara hata akizunguka wapi hawezi kupata mwanamke mwingine kama wewe. Panya kipara! Ndo huyohuyo, habari za msiba zinamkuta yuko mbali huko magharibi ameizingira ngome ya Takamatsu, kaizungushia tuta na kuijaza maji ya mto, akamalizana na maadui chapchap bila kuwaambia bosi kafa, akageuza jeshi karibu kilomita 200, na siku 11 baada ya Honnoji Mitsuhide akawa kashapigwa kule Yamazaki.

Wa mwisho wakubwa kumgomea walikua ukoo wa Hojo, ngome yao ya Odawara. Mwaka 1590 akaenda na watu karibu laki mbili kwa hesabu inayotajwa sana, na hakuwa na haraka, alikuja mpaka na fundi wake wa chai. Wakati Hojo wamejifungia ndani wanabishana wapigane au wasipigane, yeye kule mlimani nyuma ya miti anajenga ngome yake ya mawe, kama siku 80 hivi, na inasimuliwa kwamba ilipoisha akaamuru miti ikatwe, Hojo kuamka asubuhi wanaona ngome nzima imeota usiku mmoja. Wakasalimu amri. Hapo ndo Japani ikawa na bwana mmoja, andika mwaka huo 1590 kwenye karatasi umpe bro.

Lakini mimi kwa maoni yangu hata Odawara sio kazi yake kubwa, kazi yake kubwa ilikua kuhesabu. Alituma watu nchi nzima na fimbo za kupimia, kila shamba likapimwa, likaandikwa jina la anayelilima na mpunga unaotarajiwa, kwa kipimo kinaitwa koku, yani kama kilo 150 za mchele, chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Daimyo kuanzia hapo sio tena "bwana wa bonde lile la babu zake", ni namba, na namba unaweza kuihamisha. Ieyasu mwenyewe alihamishwa hivyohivyo mwaka huohuo 1590, akaachishwa nyumbani kwao Mikawa akapewa Kanto, akaweka makao kijiji cha Edo ambacho leo ndo Tokyo.

Alafu 1588 akawanyang'anya wakulima panga, mikuki na bunduki, akawaambia vyuma vitayeyushwa vitoe misumari ya jumba la sanamu kubwa la Buddha kwahiyo mtapata thawabu dunia hii na ile, mimi hapo huwa nacheka kila nikisoma. 1591 akapiga marufuku mkulima kuacha shamba na askari kurudi kuwa raia wa kawaida. Mtu aliyetoka shambani akapanda mpaka juu, kafika, kavuta ngazi.

Haya, Ieyasu wako. Hideyoshi anakufa 1598 anaacha mtoto wa miaka 5, Ieyasu anashinda vita vya Sekigahara 1600, shogun 1603, na 1615 anaimaliza familia ya Hideyoshi kule Osaka. Alikuta nchi ishapimwa na wakulima hawana silaha. Wajapani wenyewe wana usemi kuhusu keki yao ya mchele: Nobunaga alitwanga, Hideyoshi akakanda, Ieyasu akakaa kitako akala.

SWALI: Anko, ni kweli kulikua na samurai Mwafrika au ni mambo ya kwenye gemu tu? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Alikuwepo, Yasuke. Alifika Japani 1579 na padre Mjesuti Alessandro Valignano, na mwandishi mmoja wa 1627 anasema alitokea Msumbiji, kwahiyo jirani yako kabisa. Nobunaga alipomuona 1581 hakuamini, akamvua nguo kifuani akamsugua akidhani ni wino! Baadae akampa nyumba, posho na upanga. Watu wanagombana kama neno samurai linamfaa, mi naona ukishapewa vitu vitatu hivyo na Nobunaga mengine ni ubishi wa kijiweni. Siku ya Honnoji alikuwepo, akaenda kupigana upande wa mtoto wa Nobunaga, akakamatwa, Mitsuhide akamdharau akasema apelekwe tu kwa mapadre. Baada ya hapo hatajwi tena. Kabila lake usiniulize, hakuna aliyeliandika.