Natunga hotuba za mheshimiwa na nina safu ya maoni gazetini: kidokezo mwishoni kinatosha?

SWALI: Mkubwa, salamu kutoka Katuba. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika safu ya maoni kila wiki katika gazeti moja la hapa Lubumbashi. Tangu mwaka jana ninamtungia hotuba mbunge mmoja wa mkoa, naye hunipa dola 200 kwa mwezi. Sijamtaja hata siku moja katika safu yangu. Mwezi uliopita niliandika kwamba ile asilimia 15 ya mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni za migodi hutoa kwa madini zinayochimba, iende kwenye eneo la chifu ambako mgodi upo, si kwenye komini ya jirani. Mwenzangu wa redaksheni anasema nimevunja miiko ya kazi. Mimi nimeamini jambo hilo tangu zamani. Na je, maoni si lazima yaegemee upande? Nikiweka kidokezo mwishoni, kinachosema kwamba namtungia mheshimiwa hotuba, itatosha?

JIBU: Ndugu yangu, mwenzako ana haki, ingawa inaonekana hakukueleza kwa nini.

Kuegemea upande si kosa. Anayefungua ukurasa wa maoni hatafuti refa. Hapa mjini kila mtu anajua kwamba televisheni ya Nyota ni ya mwanasiasa Moïse Katumbi, na anayeitazama anafanya kama mama anayenunua mchele katika soko la Kenya, komini ya hapa mjini: anasikia bei ya kwanza, anaipunguza kichwani, ndipo anaanza kuzungumza. Upendeleo unaojulikana, msomaji anaweza kuupunguzia bei. Zile dola 200 hawezi kuzipunguzia chochote, kwa sababu hajui kama zipo. Ndiyo tofauti kati ya msimamo na mgongano wa maslahi, na ndiyo maana kutomtaja mheshimiwa hakukusaidii. Ungemtaja, labda mtu angeuliza mnajuanaje.

Unasema uliamini hivyo tangu zamani. Nakubali, lakini kipimo si imani yako. Armstrong Williams, mwandishi wa safu na mtangazaji wa Marekani, alilipwa dola 240,000 kwa fedha za Wizara ya Elimu ili aipigie debe sheria ya shule ya serikali ya Bush. Habari ilipofichuka Januari 2005, naye alijitetea kwamba sheria hiyo aliiamini. Huenda ni kweli. Kampuni iliyosambaza safu yake magazetini ilimwacha, na baadaye mwaka huohuo wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walisema wizara ilifanya propaganda ya kificho kinyume cha sheria. Tena si lazima fedha iwepo. Mwaka 1980 George Will, mwandishi mwingine wa safu wa Marekani, alimsaidia mgombea urais Ronald Reagan kujiandaa kwa mdahalo dhidi ya Rais Carter, kisha akaenda kwenye televisheni kumsifu kwa jinsi alivyojibu. Watazamaji walikuja kujua mwaka 1983, Reagan akiwa rais tayari.

Sasa tuiangalie makala yako. Tangu Kanuni ya Madini ya Kongo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta au eneo la chifu, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 ndiyo inayogombaniwa, kwa sababu kibali cha mgodi hakijali mpaka wa chifu, na anayeshinda ugomvi wa mpaka anapata fedha. Hukuniambia mheshimiwa wako alichaguliwa wapi. Kama ni katika eneo hilo hilo la chifu, uliandika hotuba yake ya kampeni ukaiwekea jina lako. Kama ni kwingine, bado msomaji alistahili kuambiwa.

Kidokezo basi. Kuna uhusiano ambao kidokezo kinautosha: shemeji yako anafanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, nawe unaandika juu ya Gécamines, sema, kisha endelea. Kuna ambao kidokezo hakiutoshi, kwa mfano una kiwanja kando ya mgodi unaoandika habari zake. Hapo mpe mwenzako mada hiyo. Na kuna wako. Unalipwa kila mwezi kutia maneno katika kinywa cha mwanasiasa, na safu yako ni ya siasa: barabara, mishahara ya walimu, bajeti ya mkoa. Yote hayo yanamhusu. Kidokezo kingebaki pale kila wiki mpaka ukurasa uwe wake. Azimio la Munich la 1971, ambalo wengi wetu tulifundishwa, linamkataza mwandishi wa habari kuchanganya kazi yake na ile ya mtangaza biashara au mpiga propaganda. Chagua moja kati ya hizo mbili. Kidokezo kwako ni kwa makala iliyokwisha kutoka, na kwa kipindi baada ya kuacha hotuba. Mimi huwadai waandishi wangu kidokezo hicho kwa mwaka mzima baada ya kuacha.

Kikae juu, chini ya jina, si mwishoni ambako nusu ya wasomaji hawafiki. Kitaje nani, kwa kazi gani, tangu lini: “Mwandishi amekuwa akilipwa na mbunge fulani wa mkoa kumtungia hotuba tangu mwaka jana.” Usiniandikie “mtaalamu wa mawasiliano”. Mji huu umejaa wataalamu wa mawasiliano.

Mimi mwenyewe niliteleza. Niliwahi kupitisha makala ya mwanasheria aliyeisifu sheria ya 2017 inayowatengea wafanyabiashara Wakongomani kandarasi ndogo, zile ambazo kampuni yenye kandarasi kuu huwapa wengine. Makala nzuri, hoja safi. Wiki iliyofuata msomaji alinipigia simu kuniuliza kama najua anatetea kampuni gani mahakamani. Sikujua, kwa kuwa sikuuliza. Tangu siku hiyo kila mwandishi namuuliza kabla ya kuchapa: kuna mtu anayekulipa, aliyekulipa au atakayekulipa, ambaye jambo hili linamgusa?

Najua utakalosema: gazeti linanilipa nini? Kidogo, au hakuna, na ndipo coupage, yaani bahasha ya fedha anayopewa mwandishi na anayeandikwa, ilipoota mizizi; mkono mtupu haulambwi. Lakini bahasha ya mkutano wa waandishi hutolewa mbele ya watu, na aliye ndani ya ukumbi anaijua. Yako mnaijua wawili.

Kwa hiyo, kabla ya safu ijayo, mwandikie mhariri wako barua, si ujumbe wa simu. Mwombe achapishe ufafanuzi kwenye ukurasa uleule, na juu ya makala ya mrabaha kama bado iko kwenye intaneti. Kisha mwambie mheshimiwa. Huenda akakuongezea mshahara ili uache safu, na hapo utakuwa umechagua.