Maana ya "delta" inaanzia kwenye tope

Mdogo wangu mmoja wa kidato cha pili ameniandikia kwamba maana ya delta ameikariri yote, lakini kwenye jaribio swali la "kwa nini" limemshinda. Ujumbe wake umenigusa penye kidonda.

Mimi ni mtoto wa Rufiji. Bibi yangu alilima mpunga, na mafuriko yakishapungua alipanda mahindi ya mlau kwenye udongo ulioachwa na mto. Nilipohamia mjini, mwalimu aliuliza delta ni nini. Nikasema ni pale mto unapochoka na kutua mzigo wake. Darasa zima likacheka, naye akanituma nikakariri kitabu. Bado inaniuma, maana jibu langu lilikuwa sahihi. Mtihani wa mwisho ulipoleta swali hilo nililijibu kwa mto wa kwetu, nikapata A.

Hebu tazama. Mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote inaingia Rufiji na tope lake. Karibu na bahari ardhi ni tambarare, maji yanapunguza mwendo, tope linatuama, mto unajiziba na kugawanyika: Simba Uranga, Kikunya na matawi mengine yenye mikoko. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humo. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa uhaba wa kina, mpaka Julai 1915 zilipoingia Severn na Mersey, meli zao zilizoundwa kwa maji mafupi. Ukikijua kisa hicho, sifa za delta hazikutoki kichwani.

Halafu tafuta mto usiofanya hivyo. Kongo unaushinda Rufiji kwa mbali, ila mdomoni mwake kuna korongo lenye kina kirefu linaloteremsha tope hadi vilindini, kwa hiyo haukujenga delta pale pwani. Kumbe kuingia baharini peke yake hakutoshi. Tope lazima lirundikane haraka kuliko bahari inavyolichukua.

Ndugu zangu walimu, mtoto akileta neno la kwao darasani, msikilizeni kwanza. Na wewe mwanafunzi, usiliache neno lolote la jiografia kabla hujajua ni nini kinachotokea hapo, na wapi hakitokei.

Mdogo wangu, sasa fungua ramani ya Botswana. Okavango haufiki baharini kabisa, na bado una delta. Nieleze kwa nini.