Nasomesha wanangu nyumbani, rangi zinatoka matope kila siku, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomesha wanangu wawili nyumbani hapa Dodoma, miaka 6 na 9. Kusoma na hesabu tunaenda vizuri ila sanaa imenishinda, kuchora mwenyewe sijui. Niliwanunulia boksi la rangi za maji, kila wakichanganya inatoka kahawia na karatasi inajikunja. Bajeti ni ndogo.

JIBU: Marahaba dada. Kutojua kuchora kusikutishe kabisa, tena usiwachoree wao wakaiga, waache wachore wanachokiona.

Tope linatokana na hili: nyekundu, njano na bluu zikikutana zote tatu lazima utapata kahawia, na ukimpa mtoto boksi zima atachovya zote tu. Kwahiyo ficha boksi, toa rangi mbili kwa siku. Leo njano na bluu, aanze na njano halafu aongeze bluu kwa ncha ya brashi kidogo kidogo, maana bluu inaimeza njano haraka sana, na kila hatua apake kidoa pembeni aone kijani kinavyobadilika. Kesho njano na nyekundu. Weka makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia brashi, lingine lisiguswe na brashi chafu.

Karatasi ya daftari ni nyepesi mno ndio maana inajikunja. Nunua manila stationeri, kata vipande vinne, kila kipande kibandike kingo zote kwa selotepu kwenye ubao na usikibandue mpaka kikauke.

Sasa hii ndio naipenda kuliko zote na vitu viko jikoni kwako. Koroga kijiko cha binzari ya manjano kwenye uji mwepesi wa unga wa ngano, wapake karatasini, ikikauka wachovye kijiti kwenye maji ya magadi wachore juu yake. Pale kijiti kinapopita njano inageuka nyekundu kama tofali hapohapo! Dondoshea ndimu, njano inarudi. Magadi ni besi na ndimu ni asidi, hapo umefundisha sanaa na sayansi kwa mpigo, ila wavalishe nguo mbovu maana binzari haitoki na magadi yasiingie machoni.

Huyo wa miaka 9 mtandikie kanga sakafuni. Aonyeshe pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina (yale maneno yaliyoandikwa), apime kwa rula pindo limechukua sentimita ngapi, halafu abuni kanga yake na jina atunge mwenyewe. Mdogo achore ua moja tu la pindo alirudierudie, inatosha.

Halafu nyie mnakaa karibu na hazina jamani! Mkipata nauli nendeni Kolo, barabara ya Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Wataona watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu ya madini kwenye mawe. Mchukue mwongozaji, na msiiguse wala kuimwagia maji. Mkirudi wasage udongo mwekundu, wauchekeche kwa kitambaa, wauchanganye na uji uleule wa ngano wachoree.

Mara mbili kwa wiki, nusu saa, zinatosha kabisa. Akimaliza usimuulize "hii ni nini?", mwambie "hebu nisimulie", halafu andika tarehe nyuma ya karatasi uitunze kwenye faili.