Mti mmoja, nyuzi nyingi: kufuli lifunguliwe lini?

SWALI: Ninaandika programu ya C kwenye Linux inayotunza rekodi za wateja katika mti, kwa kutumia fanksheni za tsearch (kutafuta, na kuingiza kisichopatikana), tfind (kutafuta tu) na tdelete (kufuta) zilizomo katika maktaba ya C. Nyuzi (threads) kadhaa, yaani sehemu za programu zinazokwenda kwa wakati mmoja, zinautumia mti huo huo, nami nimefunga kufuli (lock, la kuzizuia nyuzi nyingine) kila ninapoita mojawapo ya fanksheni hizo na kulifungua mara inaporudi. Hata hivyo, mara mojamoja programu huanguka ninaposoma jina la mteja aliyekwisha kupatikana. Kosa liko wapi? — Msomaji, Arusha

JIBU: Kufuli unalifungua mapema mno. Fanksheni ya tfind hairudishi nakala ya rekodi, bali pointa (anwani ya kumbukumbu) ya nodi, yaani kifundo kimoja cha mti, na ndani ya nodi hiyo ndimo ilimo pointa ya rekodi yako. Ndiyo sababu jina husomwa kwa (*(struct mteja **)p)->jina. Ukishafungua kufuli, uzi mwingine unaweza kuita tdelete kabla hujafika kwenye jina hilo.

Tazama linalotokea katika glibc, maktaba ya C ya kawaida kwenye Linux, ambayo mti wake ni wa aina ya nyekundu-nyeusi, yaani unaojisawazisha. Nodi inayofutwa ikiwa na watoto wawili, haiondolewi yenyewe: pointa ya rekodi inayofuata kwa mpangilio huhamishiwa ndani yake, kisha nodi ya huyo anayefuata ndiyo ambayo kumbukumbu yake huachiliwa kwa free. Kwa hiyo uzi ulioshika nodi ya kwanza utasoma jina la mteja mwingine bila dalili yoyote ya kosa, na ulioshika nodi ya pili utasoma kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, ingawa mteja wake hakufutwa na mtu yeyote. Kwangu hilo la kwanza ni baya zaidi, kwa sababu programu inayoanguka walau hujulikana.

Basi funga kufuli, ita tfind, nakili jina katika kumbukumbu ya uzi wenyewe, ndipo ulifungue. Kama wasomaji ni wengi, tumia pthread_rwlock_t, kufuli linaloruhusu wasomaji wengi pamoja au mwandishi mmoja peke yake: tfind haibadilishi mti, hivyo kufuli la kusoma latosha, lakini tsearch inahitaji la kuandika hata unapodhani rekodi ipo, kwa kuwa isipoipata huiingiza.

Ukiutembelea mti wote kwa twalk, inayoita fanksheni yako kwa kila nodi, shika kufuli la kusoma hadi mwisho, wala fanksheni unayoipa isiite tsearch au tdelete. twalk haipokei data yako ya ziada, jambo linalowasukuma wengi kutumia kigeu cha programu nzima, nacho kikawa kitu kingine cha kugombaniwa na nyuzi. Toleo la 2.30 la glibc, la mwaka 2019, lilileta twalk_r inayoipokea.

Usijaribu kuushirikisha mti huu baina ya michakato (processes) tofauti kwa mmap, yaani kwa kumbukumbu ya pamoja, kwani nodi zake hutengwa kwa malloc katika kumbukumbu ya mchakato mmoja, na pointa zake hazina maana katika mchakato mwingine.