Mdogo wangu, jibu hilo usiende nalo Poland

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pamoja. Unasema umepata ufadhili wa kusoma Kraków kuanzia Oktoba, kwamba umesikia Wapoland wanajiona bora kuliko majirani zao kwa utamaduni na kwa dini, na kwamba ukikutana na majivuno hayo jibu unalo tayari: utawakumbusha kuwa nao walitawaliwa miaka 123, na kuwa taifa lililokuwa na "makambi ya mauaji ya Kipoland" halina la kumfundisha Mwafrika. Umeuliza pia habari za makoti, bweni na vibarua. Makoti yatasubiri. Jibu hilo lifute leo, kabla hujapanda ndege, kwa sababu mimi nililitoa mbele za watu, karibu kwa maneno hayohayo, na lilinikosesha chumba, msimamizi wa utafiti na mwaka mzima wa masomo.

Ilikuwa mkesha wa Noeli wa 2016, katika mtaa wa Wola jijini Warsaw. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane wa miaka 76, aliyenitoza karibu nusu ya kodi ya kawaida kwa makubaliano kwamba nitampandishia mizigo yake ya sokoni hadi ghorofa ya nne, maana jengo halikuwa na lifti. Mkwewe alikuwa mhadhiri, na ndiye aliyekuwa amekubali kunisimamia. Usiku ule Wapoland hawagusi chakula mpaka nyota ya kwanza ionekane. Kisha kila mmoja humega kipande cha mkate mwembamba mweupe, kama hostia, kutoka mkononi mwa mwenzake na kumtakia heri. Mezani huwekwa sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, na mama yule alinikalisha mbele ya sahani hiyo. Tulikula samaki wa karp, ambaye miiba yake inashindana na sarufi ya Kipoland, na nomino moja ya lugha hiyo hubadilika kwa njia saba, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Baada ya chakula mkwe akaanza. Alisema katiba ya tarehe 3 Mei 1791 ilikuwa ya kwanza kuandikwa Ulaya. Alimtaja mwanafalaki Kopernik, akamtaja Maria Skłodowska, yule Marie Curie, aliyeipa elementi ya poloni jina la nchi yake mwaka 1898, akaeleza jinsi mfalme Jan Sobieski alivyoiokoa Vienna na Waturuki mwaka 1683, na kwamba Ulaya nzima ingekuwa kitu kingine bila Poland. Kisha akanigeukia na kusema kwamba nchi yake haikuwahi kuwa na koloni hata moja, kwa hiyo mikono yake ni safi kuliko ya Wajerumani, Waingereza na Wafaransa. Wiki hiyohiyo kijana mmoja ndani ya tramu alikuwa ameniita neno la dharau ambalo Wapoland wengi bado hulitumia kwa watu weusi, na abiria hakuna aliyemkanya. Kidonda kilikuwa kibichi. Nikasema kwamba nchi yenye makambi ya mauaji ya Kipoland isizungumze habari za mikono safi.

Hakuna aliyepaza sauti. Mama aliweka uma chini, akaanza kuokota chembe za ule mkate mweupe zilizobaki kwenye kitambaa cha meza, moja baada ya nyingine, kwa ncha ya kidole, akazikusanya kiganjani. Alipomaliza alisema, "Bwana hajui anachosema." Kwa miezi minne alikuwa akiniita kwa jina langu, kama mtoto wa nyumbani. Usiku ule alirudi kwenye neno "pan", yaani bwana, ambalo Mpoland humwambia mtu asiyemfahamu. Ukiishi huko utajua kwamba neno hilo, likirudishwa baada ya kuwa limeshaondolewa, ni mlango unaofungwa. Katikati ya Januari niliombwa kuhama, baridi ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na mkwe akaandika idarani kwamba hana tena nafasi ya kunisimamia.

Sasa nikueleze nilichokuwa sikijui. Makambi yale hayakuwa ya Wapoland. Auschwitz, kubwa kuliko yote, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1940 katika nchi waliyoivamia na kuikalia. Dola ya Poland ilikuwa imefutwa, na serikali yake ilikuwa uhamishoni. Treni kubwa ya kwanza ya wafungwa iliyofika pale, Juni 1940, ilitoka Tarnów ikiwa imejaa Wapoland. Baadaye waliuawa pale watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja kati yao Wayahudi, na Wapoland wasio Wayahudi zaidi ya 70,000. Ndiyo maana Poland iliomba jina la mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO libadilishwe, na tangu 2007 jina hilo linataja wazi kwamba kambi ilikuwa ya Wanazi wa Ujerumani. Rais Obama aliponukuliwa mwaka 2012 akisema "kambi ya mauaji ya Kipoland", katika sherehe ya kumtunuku Mpoland, ghadhabu ilikuwa kubwa hadi akaandika barua ya kueleza masikitiko yake. Mwaka 2018 bunge lao lilipitisha hata sheria ya kifungo kwa wanaolihusisha taifa na uhalifu wa Wanazi, kisha adhabu hiyo ya jela ikaondolewa miezi michache baadaye baada ya malalamiko ya kimataifa. Mimi sikuipenda sheria ile, kwa maana ilitisha watafiti waaminifu pia, lakini ilinionyesha neno lile lina uzito gani.

Na Wola si mtaa wa kawaida. Mapambano ya Warsaw, yaani uasi wa Wapoland dhidi ya Wajerumani waliowakalia, yalipoanza tarehe 1 Agosti 1944, Wajerumani waliingia Wola na kwa siku chache wakawapiga risasi makumi ya maelfu ya raia, nyumba kwa nyumba. Baba yake mama yule alitolewa kwenye ua wa jengo lililokuwa palepale tulipokuwa tunakula. Kwenye ukuta wa kona kulikuwa na kibao cha jiwe chenye msalaba, na mishumaa ya vikombe vyekundu chini yake. Miezi minne nilikipita kibao hicho nikiwa na mifuko ya viazi vyake mkononi, na hata siku moja sikusimama kusoma.

Nani alinifundisha jibu lile? Mwenzetu mmoja aliyenitangulia huko kwa miaka sita, ambaye kila mgeni kutoka kwetu alipelekwa kwake kupewa maelekezo. Aliniambia, "Mpoland ukimnyamazia atakupanda kichwani, mpige na makambi, atanywea." Hadi leo nina hasira naye, na sitaki kuificha. Miaka sita mtu anakula mkate wa watu, anajua Kipoland kuliko sisi sote, halafu anawapa wadogo zake silaha ambayo yeye mwenyewe, nilikuja kugundua, hakuwahi kuithubutu mbele ya Mpoland yeyote. Nilipomwendea na mabegi yangu mawili, alisema chumba chake kina mtu.

Hiyo hoja ya miaka 123 nayo haitakufikisha popote, kwa sababu inalenga kitu ambacho wao wenyewe hujivunia. Poland iligawanywa na Urusi, Prussia na Austria mwaka 1772, 1793 (safari hiyo bila Austria) na 1795, ikafutika kwenye ramani hadi Novemba 1918, na wimbo wa taifa lao ulitungwa 1797, miaka miwili baada ya nchi kutoweka, ukianza kwa kusema kwamba Poland haijafa bado maadamu sisi tu hai. Watu waliokaa zaidi ya karne bila dola huru, na kwa miaka mingi bila jeshi wala ruhusa ya kufundisha lugha yao katika shule nyingi, walibaki na lugha, Kanisa, mashairi na muziki. Washairi wao waliwafundisha kwamba taifa lao ni kama Kristo, linateseka kwa ajili ya mataifa mengine. Ukimwambia Mpoland kwamba alitawaliwa, umemsomea katekisimu yake.

Sisemi majivuno hayo hayana upofu. Yanao, na unaumiza. Mpoland humtazama Mrusi, Mbelarusi na mara nyingi Myukrania kwa jicho la mtu wa juu, kisha hugeuka magharibi na kumtazama Mjerumani akitaka kukubaliwa. Mwite mtu wa Ulaya Mashariki naye atakusahihisha kwamba yeye ni wa Ulaya ya Kati. Wakulima wa Ukraine waliotumikia mashamba ya makabaila wa Kipoland hawangekubali kwamba Poland haikumtawala mtu. Hata kuhusu makoloni, katika miaka ya 1930 Jumuiya ya Bahari na Makoloni ilikuwa na wanachama wengi mno waliodai hadharani nchi yao ipewe makoloni, na mwaka 1937 tume ya Wapoland ilikwenda Madagascar kuangalia kama Wayahudi wangeweza kuhamishiwa huko. Na Julai 1941, katika mji mdogo wa Jedwabne, Wapoland waliwaua majirani zao Wayahudi, jambo ambalo rais wao aliliombea msamaha mwaka 2001. Yote hayo yanasemeka, na Wapoland wapo wanaoyasema kwa ujasiri kuliko wewe utakavyoweza. Lakini kuna namna moja tu ya kufika hapo, nami nimeilipia: kabla hujasema neno lolote kuhusu taifa lake, muulize familia yake ilikuwa wapi wakati wa vita. Muulize, kisha kaa kimya asimulie mpaka amalize. Nimefanya hivyo kwa madereva wa teksi, kwa maprofesa na kwa padri mmoja mkali sana, na hakuna hata mmoja aliyeendelea kunihutubia juu ya Sobieski baada ya hapo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtoto wa Usa River, karibu na Arusha. Tengeru ni karibu na kwetu. Wakati wa vita ile Wapoland wapatao 5,000, wengi wao kina mama na watoto waliokuwa wamepelekwa na Wasovieti Siberia na Kazakhstan, waliletwa Tengeru kupitia Iran, wakaishi pale hadi baada ya vita, na makaburi ya waliofia huko yapo mpaka leo. Utotoni tulipita karibu nayo tukiyaita makaburi ya wazungu, basi. Ningelisema hilo mezani, badala ya lile nililosema.

Nilimwambia mama yule miezi saba baadaye, tarehe 1 Agosti. Siku hiyo, saa 11 jioni, ving'ora vya Warsaw hulia kukumbuka Mapambano, magari yanasimama barabarani na watu wanasimama wima palepale walipo. Nilimkuta mbele ya kile kibao cha kona. Ving'ora vilipokoma nikaomba radhi, kisha nikamweleza habari za Tengeru. Hakusema amenisamehe. Aliuliza jambo moja tu, kama makaburi yale yana majina. Sikujua. Usiku ule nilimpigia kaka yangu aende akayapige picha, akaenda Jumamosi, na Jumapili nilipanda ghorofa nne nikiwa na picha zake kwenye simu. Mama alichukua kioo cha kukuzia maandishi, akayasoma majina kwa sauti, moja moja, na mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja, mpaka chai yetu ikapoa. Chumba alikuwa ameshampa mtu mwingine.