Maswali ya Wasomaji: Rubani, Mgomo Wake na Usingizi Wake

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali, lakini nyingi zinazungumzia jambo moja, yaani haki za marubani kazini. Tumechagua tano na kuzifupisha pale ilipobidi.

Mhariri, mwalimu akigoma ninamwelewa, na daktari wa hospitali ya kaunti ninamwelewa zaidi. Mpaka leo sijawaelewa marubani wa Kenya Airways waliogoma Novemba 2022. Mtu anayelipwa mara nyingi kuliko mwalimu alikuwa anadai nini tena?
*Msomaji, Kitengela*

Ndugu msomaji, tuanze na dai lenyewe, kwa kuwa wakati ule kelele za abiria waliokwama zilifunika maelezo. Mgomo ulianza asubuhi ya Jumamosi tarehe 5 Novemba 2022, ukiongozwa na chama cha marubani wa Kenya kinachojulikana kama KALPA. Dai kuu halikuwa nyongeza ya mshahara. Mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa kwa sababu ya korona, kampuni ilisitisha mchango wake katika mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, na sehemu ya mishahara ya kipindi hicho ikaahirishwa. Miaka miwili baadaye ndege zilikuwa zimerudi angani, na marubani wakataka mchango urudishwe na mishahara iliyoahirishwa ilipwe. Mchango wa mwajiri katika mfuko wa uzeeni ni sehemu ya ujira ambayo mfanyakazi amekubali kuipokea baadaye, kwa hiyo aliyekuwa anaudai alikuwa anadai chake.

Unauliza kwa nini mtu mwenye mshahara mnono ahangaikie akiba ya uzeeni kiasi hicho. Nadhani jibu liko katika namna kazi hiyo ilivyo. Leseni ya rubani haifanyi kazi bila cheti cha afya, na cheti hicho kwa rubani wa ndege za abiria hupimwa upya kila mwaka, kisha kila miezi sita akishavuka umri wa miaka 60. Tatizo la moyo au kifafa ambalo mwalimu angeweza kuendelea kufundisha nalo akiwa kwenye dawa linaweza kumshusha rubani kutoka angani siku hiyo hiyo. Akifika miaka 65, kanuni za kimataifa hazimruhusu tena kuendesha ndege ya biashara yenye marubani wawili katika safari za nje ya nchi, hata awe na nguvu za kijana. Tena ujuzi wake hauhamishiki kwa urahisi, kwani aliyefunzwa Boeing 737 hawezi kukaa kwenye usukani wa ndege ya aina nyingine kubwa bila mafunzo mapya, na katika kampuni nyingi anayehamia huanza chini kabisa ya orodha ya ukongwe, yaani orodha inayoamua nani apandishwe cheo na nani apangiwe safari zipi. Mtu wa namna hiyo akiguswa akiba yake ya uzeeni huguswa pabaya kuliko akinyimwa nyongeza.

Upande wa mwajiri nao ulikuwa na hoja. Kampuni ambayo Serikali inamiliki asilimia 48.9 ya hisa zake ilikuwa imepata hasara mwaka baada ya mwaka, na hesabu za 2022 zilifungwa kwa hasara ya takriban shilingi bilioni 38. Wakuu wake walisema kila siku ya mgomo ingewagharimu shilingi milioni 300. Mwenye deni asiye na fedha hakosi la kusema, ingawa deni lake halifutiki kwa hilo.

Pale ninapowalaumu marubani ni kwenye utaratibu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikuwa imetoa amri ya kusimamisha mgomo huo kabla haujaanza, nao wakagoma. Tarehe 8 Novemba mahakama iliwaamuru warudi kazini kesho yake saa kumi na mbili asubuhi bila masharti, na ikamzuia mwajiri asiwachukulie hatua za kinidhamu kwa wakati huo. Walirudi. Dai lilikuwa na msingi, lakini kupuuza amri ya mahakama kuliwapa wapinzani wao la kusema siku nne nzima, na hoja ya mfuko wa akiba ikapotea katikati ya hoja ya utiifu wa sheria.

Je, usafiri wa ndege si huduma muhimu? Hapa kwetu nimesikia kwamba wafanyakazi wa huduma muhimu hawaruhusiwi kugoma.
*Msomaji, Tanga*

Umesikia sawa kuhusu huduma muhimu, ila urubani haumo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja maji na usafi wa mazingira, umeme, afya, zimamoto, na uongozaji wa ndege pamoja na mawasiliano ya usafiri wa anga. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inayohusu mahusiano ya kazi nayo ina jedwali la huduma muhimu, na humo pia utamkuta mwongozaji ndege, yaani yule aliye mnarani anayezungumza na ndege kwa redio, wala humkuti rubani. Tofauti hiyo ina mantiki. Waongozaji wakiondoka, ndege zilizo angani zinabaki bila mtu wa kuzitenganisha. Marubani wakigoma, ndege zinabaki chini, na madhara yake ni ya mfukoni na ya ratiba. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, ni kama kusimama kwa huduma kunahatarisha uhai, usalama au afya ya watu, na kukosa ndege ya kwenda Mwanza, pamoja na uchungu wake wote, hakufiki huko.

Hata hivyo, kuruhusiwa kugoma si kuamka tu na kuvua sare. Kwenu Tanzania mgogoro hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muda wa usuluhishi ambao kwa kawaida ni siku 30 upite bila suluhu, wanachama wapige kura kwa mujibu wa katiba ya chama chao, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Kenya nayo inataka usuluhishi uwe umeshindikana na taarifa ya maandishi ya siku saba itolewe. Aliyefuata njia hiyo hawezi kufukuzwa kazi kwa sababu ya kugoma, ingawa mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku ambazo hakufanya kazi. Asiyeifuata hana kinga hiyo.

Wasiofurahia taratibu hizi watazame Marekani, ambako mambo ni magumu zaidi. Marubani wa huko wanatawaliwa na sheria iliyotungiwa reli mwaka 1926 na kupanuliwa hadi mashirika ya ndege mwaka 1936. Mkataba wao wa pamoja haufi muda wake ukiisha. Unaendelea kutumika huku pande mbili zikizungumza, na wasuluhishi wa serikali wanaweza kuwaweka mezani miezi mingi. Usuluhishi ukikwama, kuna siku 30 za kupoza hasira, na hata baada ya hapo Rais anaweza kuingilia. Februari 1997 marubani wa American Airlines walifika mwisho wa njia hiyo ndefu na kutangaza mgomo usiku wa manane, na Rais Clinton akausimamisha dakika chache tu baada ya kuanza.

Mwanangu ni rubani msaidizi katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Anaondoka nyumbani usiku na kurudi usiku, na akilalamika anaambiwa kwamba ameruka saa tatu tu. Alipoajiriwa alisaini karatasi ya kulipa gharama za mafunzo iwapo ataacha kazi. Kampuni haina chama. Afanye nini?
*Mama wa rubani, Voi*

Mama, pole kwa kukesha ukimsubiri kijana. Barua yako ina mambo matatu, na la kwanza ndilo zito.

Saa za kuruka na saa za kazi ni vitu viwili, na anayemwambia mwanao kwamba ameruka saa tatu tu anajua hivyo. Chukua siku ya kawaida ya rubani wa ndege ndogo zinazokwenda Maasai Mara. Anaripoti Wilson saa kumi na moja alfajiri, anapitia taarifa za hali ya hewa, anaizunguka ndege na tochi akikagua matairi na mafuta, anahesabu uzito wa abiria na mizigo yao. Saa moja asubuhi anaruka. Huko Mara anatua kiwanja kimoja cha vumbi, anashusha wawili na kupakia watatu, anaruka dakika kumi, anatua kingine. Mchana anakaa chini ya bawa akisubiri watalii wamalize kutazama wanyama, kwa kuwa kivuli kingine hakuna. Jioni anarudi Nairobi, anajaza makaratasi, na saa kumi na mbili na nusu anatoka langoni. Kwenye kitabu chake cha kumbukumbu ataandika saa tatu za kuruka, lakini amekuwa kazini zaidi ya saa kumi na tatu, na kule kusubiri chini ya bawa hakuhesabiki kuwa mapumziko.

Ndiyo maana kanuni za usafiri wa anga huweka mipaka ya aina zote mbili. Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kuzidisha saa 100 za kuruka katika siku 28 wala saa 900 katika mwaka wa kalenda, na pembeni ya hizo kuna kikomo cha urefu wa zamu, ambacho kwa kawaida hakizidi saa 13 na hupungua zamu inapoanza usiku au inapokuwa na miruko mingi. Kenya nayo ina kanuni zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kila kampuni yenye cheti cha kuendesha ndege lazima iwe na mwongozo wa uendeshaji ulioidhinishwa na Mamlaka hiyo, ambamo mipaka ya zamu na mapumziko imeandikwa kwa tarakimu. Mwanao aombe kuusoma ukurasa huo. Kisha aweke daftari lake mwenyewe la saa ya kuripoti na saa ya kutoka, kila siku, kwa kalamu, kwa sababu siku ya mabishano kumbukumbu za ofisini huwa ni za ofisi. Na akijiona amechoka kiasi cha kutoweza kuruka salama, kanuni zinamtaka asiruke. Ninajua kwamba kusema hivyo ni rahisi kwangu kuliko kwake, hasa akiwa bado anakusanya saa za kumfikisha kwenye ndege kubwa, na waajiri wa aina hiyo wanaujua udhaifu huo vizuri.

Kuhusu karatasi ya mafunzo, mikataba ya namna hiyo ni ya kawaida katika urubani kwa kuwa mafunzo ya ndege mpya ni ghali. Aipeleke kwa wakili, aangalie kama kiasi kinachodaiwa kinapungua kila mwezi anaofanya kazi, na kama anadaiwa hata pale kampuni yenyewe inapomwachisha. Karatasi isiyojibu maswali hayo mawili ni ya kutilia shaka.

Kuhusu chama, kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake. Kwa hiyo anaweza kujiunga hata kama ni peke yake kazini. Lakini ili mwajiri alazimike kukitambua chama na kukaa nacho mezani, sheria inataka kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama wake. Hapo ndipo kampuni ndogo zinapowashinda marubani, maana wenyewe ni wachache, wanagombea kiti kimoja cha nahodha, na hakuna anayetaka kuonekana wa kwanza. Ushauri wangu ni kwamba aanze na wenzake wawili watatu anaowaamini, nje ya kazi, kabla ya kumwandikia mtu barua yoyote.

Nimepata kazi ya urubani Ghuba. Huko kuna vyama?
*Msomaji, Mombasa*

Inategemea nchi. Katika Falme za Kiarabu sheria haina nafasi ya vyama vya wafanyakazi. Qatar imeviacha kwa raia wake. Oman iliviruhusu mwaka 2006. Mkataba wako binafsi ndio utakaokutetea, hivyo usome wote kabla ya kusaini, pamoja na ratiba ya zamu na likizo.

Uchovu wa rubani ni hatari kweli, au ni silaha ya kudaia mshahara?
*Msomaji, Kigoma*

Huwa ni vyote viwili, na ajali za Marekani zinaonyesha ugumu wa kuvitenganisha. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, alikokuwa akiishi, hadi kituo chake cha kazi, na uchunguzi ukafichua jinsi mshahara wake ulivyokuwa mdogo. Hata hivyo, wachunguzi walisema chanzo ni nahodha kulijibu vibaya onyo la ndege kwamba inakaribia kupoteza uwezo wa kuelea, na uchovu wakautaja bila kuupa fungu kamili la lawama. Familia za waliokufa zilishinikiza Bunge la huko, na kanuni mpya za mapumziko zikaanza kutumika Januari 2014.

Kanuni hizo ziliwaacha nje marubani wa ndege za mizigo. Agosti 2013, kabla hazijaanza kutumika, ndege ya mizigo ya UPS ilianguka kabla ya alfajiri ikikaribia Birmingham, Alabama, na marubani wake wawili wakafa. Kinasa sauti kilikuwa na mazungumzo yao ya mapema usiku huo, wakilalamikia kwamba marubani wa ndege za abiria watapata mapumziko ambayo wao hawatapata. Wachunguzi waliutaja uchovu miongoni mwa mambo yaliyochangia, wakaongeza kwamba rubani msaidizi hakuutumia vizuri muda wake wa kupumzika. Chama cha marubani wa UPS kilikwenda mahakamani kuupinga msamaha waliopewa waajiri wa mizigo na kikashindwa mwaka 2016.